Baada ya kilomita 42: dalili za mkimbiaji wa marathoni anayeingia ultra, na chanzo chake

Mbio yoyote inayopita kilomita 42.195 ni ultra. Zilizozoeleka ni za kilomita 50, 80, 100 na 160. Kwa mtu wa huku Kusini mwa Tanzania kipimo rahisi ni barabara: ultra ya kilomita 100 ni pungufu kidogo ya kutoka Mtwara mjini hadi Lindi mjini kwa miguu yako mwenyewe.

Anayetoka kwenye marathoni huja na mazoea mazuri na mabaya. Baya kuliko yote ni kutafuta chanzo cha tatizo pale pale linapouma. Kwenye marathoni njia hiyo inafanya kazi, kwa sababu mbio ni fupi. Ukikosea kilomita ya 20, ya 30 unalipa, na kabla deni halijakua umeshavishwa medali. Kwenye ultra dalili inajitokeza saa ya saba, ilhali chanzo chake kilipita saa ya pili ukiwa unajisikia vizuri kabisa, au kilipita wiki tatu kabla. Kwa hiyo dalili zote hapa chini zinafuatwa kinyumenyume: inauma nini, na nyuma kule ulifanya nini.

Miguu imekwisha kilomita ya 35, ilhali marathoni unaimaliza bila shida

Angalia saa yako, kilomita kumi za kwanza. Karibu kila mara jibu lipo hapo. Mtu wa marathoni ya saa nne anakwenda dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Akiingia ultra ya kilomita 80 anajipunguzia kidogo, tuseme dakika 6, anaona amekuwa mnyenyekevu sana. Hajapunguza kitu. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unamtosha mkimbiaji kama kilomita 30 kwa mwendo wa marathoni. Baada ya hapo anategemea mafuta ya mwili, na mafuta hayaungui haraka. Ukitaka hifadhi ile ifike mbali, anza polepole kuliko mwendo wako wa marathoni kwa sekunde 60 hadi 90 kila kilomita. Utaona unapitwa na kila mtu. Sawa.

Kipimo kisichohitaji saa: uwe na uwezo wa kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kukata sentensi ili uvute pumzi. Ukianza kujibu kwa "ee" na "ndiyo", umeshazidisha.

Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, alijulikana kwa kushika mbele mapema na kuwaburuza wenzake, na kwenye marathoni ya New York mwaka 1989 alishinda kwa saa 2:08:01. Kilomita 80 hazitaki ubabe huo. Zinataka utembee, tena utembee mapema, kabla hujachoka: kimbia dakika 25, tembea 5, tangu saa ya kwanza. Hapa kuna kikwazo ambacho vitabu vya mazoezi havikitaji, nacho ni kijiwe cha bodaboda. Mtu aliyevaa bukta na raba za mbio akipita anatembea saa moja na nusu asubuhi, lazima arushiwe maneno. Wengi wanakimbia hapo kwa aibu tu, kisha wanatembea kilomita 20 za mwisho ambako hakuna wa kuwacheka. Zoeza kutembea kwenye mazoezi ya Jumapili, barabara ya Mikindani, mpaka kijiwe chenyewe kichoke kukutania.

Na kama ni kati ya Desemba na Machi, punguza zaidi. Hewa imejaa unyevu, jasho linadondoka chini badala ya kukauka mwilini, na jasho linalodondoka halipozi kitu. Jaribio la kwanza la umbali mrefu lipange Juni hadi Agosti, kusi linapovuma. Kifua kikianza kubana asubuhi katika miezi hiyo, kumbuka njia yako inapita wapi: ndio msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na wapulizaji huanza alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa ile ile ya mazoezi. Hamia barabara ya ufukweni hadi kazi ya shambani iishe.

Tumbo limegoma: kichefuchefu, kutapika, au chakula kukaa kifuani

Hili ndilo linalowatoa watu wengi kwenye ultra, kuliko miguu. Marathoni unaweza kuikimbia kwa maji na vijiko vichache vya sukari. Hapa unakula njiani kwa saa nane, kumi, kumi na mbili, na tumbo halijawahi kufundishwa kazi hiyo.

Anza na swali la joto na mwendo. Unapokimbia kwa nguvu juani, damu inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi, tumbo linabaki na kidogo. Chakula kinasimama. Unakula tena kwa sababu ratiba imesema ule, kinasimama juu ya kile cha kwanza. Ukitapika saa ya tano, mara nyingi kilichotoka ni cha saa ya tatu. Dawa si kidonge. Tembea robo saa kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, piga mafunda madogo ya maji matupu, usile. Ukisikia tumbo linanguruma au ukicheua, limefungua. Rudi na kitu kidogo sana, nusu ya ndizi.

Kama mwendo ulikuwa mzuri na hakukuwa na jua kali, tazama ulichokula. Lengo la kuanzia ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Waliozoea hufika 90, lakini hao wamelifundisha tumbo kwa miezi na wanachanganya aina mbili za sukari. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25; nusu ya soda ya mililita 350 inaongeza gramu 18 hivi. Saa moja imekamilika, kwa bei ya gengeni. Soda itikise kwanza gesi itoke, halafu ichanganye na maji, maana sukari nzito ikiingia tumbo tupu huvuta maji kuingia utumboni, na hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta kichaka.

Korosho. Najua itakuwa vigumu kulisema hili Mtwara, lakini iache nyumbani siku ya mbio. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Konzi moja saa ya kwanza bado iko nawe saa ya nne. Ni chakula kizuri cha jioni baada ya mazoezi. Njiani, muhogo wa kuchemsha wenye chumvi unaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na viazi vitamu pia. Aliyekulia kwenye ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa huku, anaweza kuijaribu, ila iwe imechemshwa ikalainika, na pilipili ibaki mezani.

Kuna kichefuchefu kingine kinachokuja bila tumbo kujaa: saa ya sita, harufu tu ya soda inakusukuma kutapika. Hapo umechoshwa na utamu. Hakuna ugonjwa. Badili kwenda kwenye chumvi: supu ya samaki iliyopoa, muhogo, wali mkavu kiganjani. Wasaidizi wako wajue hili mapema, kwa sababu wewe wakati huo huwezi kupanga. Utasikia tu, "Kaka, hujala tangu Mpapura," na jibu lako litakuwa kwamba husikii njaa. Msaidizi asiyekubali jibu hilo ni mali.

Tumbo linafundishika. Katika kila zoezi la zaidi ya saa mbili, kula kile kile utakachokula siku ya mbio, kwa ratiba ile ile, hata kama mwili hauhitaji. Wanaofunga Ramadhani hawana haja ya kulazimisha mazoezi marefu mwezi huo. Watu wengi hukimbia kidogo kabla ya futari ili maji yawe karibu, na kazi ya tumbo wanairudia baada ya Idi.

Vidole vimevimba, pete haitoki, kichwa kinauma

Wakimbiaji wengi wakiona hivi hunywa maji zaidi. Ni kosa, na linaweza kuua.

Mtu amesikia tangu shule kwamba joto la Pwani linataka maji mengi, basi anakunywa kila kituo, kiu isipokuwepo. Kwa saa nane za namna hiyo, maji yanazidi kasi ya figo kuyatoa, na chumvi iliyomo kwenye damu inazimuliwa. Sodiamu ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, seli zinaanza kuvuta maji na kuvimba, na za ubongo zimo ndani ya fuvu lisilotanuka. Ndiyo maana kinafuata kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, kisha degedege.

Tofauti na kukaukiwa ni hii: aliyekaukiwa ana kiu, mdomo mkavu, mkojo kidogo wa njano iliyokolea, na uzito wake umeshuka sana. Aliyejaza maji hana kiu, vidole na uso vimejaa, tumbo linacheza maji, na mizani inaonyesha uzito ule ule wa asubuhi au umepanda. Mkimbiaji wa kawaida anatakiwa amalize amepungua kilo moja au mbili. Kupanda uzito kwenye mbio ya kilomita 80 ni ishara mbaya.

Ukiona dalili hizo, acha maji, kula cha chumvi kama tumbo linakubali, subiri ukojoe. Akianza kuongea ovyo au kutapika mfululizo, ni hospitali, na msaidizi aseme wazi kule mapokezi kwamba mgonjwa amekunywa maji mengi akikimbia saa nyingi. Bila maelezo hayo, mtu wa mbio aliyezimia juani anaonekana amekaukiwa, na dripu ya kawaida inaweza kumwongezea tatizo.

Kinga yake inaanzia mtaani. Jipime kwenye mizani ya duka la dawa, kimbia saa moja kwenye joto utakalokutana nalo, jikaushe jasho, jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Uliyeanza na kilo 62 ukarudi na 61.2, huku umekunywa nusu lita, umetoa jasho la lita 1.3. Hiyo haina maana unywe lita 1.3 kila saa, maana tumbo la watu wengi halimudu kunyonya zaidi ya lita moja kwa saa wakati wa kukimbia. Kunywa kwa kufuata kiu, ukijua tu kwamba kwako kiu itakuja mapema au itachelewa.

Dafu lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake haitoshi kufidia jasho zito, kwa hiyo linywe pamoja na kitu cha chumvi. Pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kuwapa wanaoharisha, kwenye lita moja ya maji inafaa. Ukiikosa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja, vyote vya kusawazisha, visilundikwe. Lakini hata ORS ukiifakamia bila kiu, haikukingi: tatizo ni wingi wa maji yenyewe.

Anaongea asivyoeleweka, anayumba

Hapa hakuna kutafuta chanzo kwanza. Kama ngozi inaunguza, mchukulie kuwa amepigwa na joto, hata kama bado anatoka jasho: kivuli, vua fulana, maji mengi mwilini kwa ndoo, pepea, na usiache kumpoza mkiwa kwenye gari. Joto la mwili likipita nyuzi 40 kila dakika inahesabika. Kama hana joto, rudi kwenye sehemu iliyopita ya maji. Panga njia yako ukijua hospitali ziko wapi: Ligula kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, Nyangao na Ndanda kwa anayekimbia barabara ya Masasi.

Mapaja ya mbele yamekuwa mbao, kushuka kunauma kuliko kupanda

Mkimbiaji wa Mtwara mjini anafanya mazoezi tambarare. Shangani hadi Mikindani na kurudi, hakuna mteremko wa maana. Kisha anasafiri kwenda mbio ya milimani, anapanda vizuri, anashuka kwa furaha akiokoa muda, na saa mbili baadaye hawezi kuinama. Unaposhuka, paja la mbele linafanya kazi ya breki: linakaza huku linarefushwa, na nyuzi zake zinachanika vipande vidogo vidogo. Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1921 na yenye urefu wa karibu kilomita 90, hubadilisha mwelekeo kati ya Durban na Pietermaritzburg. Mwaka wa kuteremka kwenda Durban ndio unaosifika kwa kuvunja mapaja.

Habari njema ni kwamba misuli ina kumbukumbu. Zoezi moja gumu la kuteremka huyalinda mapaja kwa wiki kadhaa zinazofuata. Mtafute mwenye safari ya Newala au Rondo, kwenye nyanda zilizoinuka, shuka kingo zile ukikimbia kwa hatua fupi fupi na za haraka, goti likiwa limekunjwa kidogo. Mara moja kila wiki mbili au tatu, na ya mwisho iwe wiki mbili hadi tatu kabla ya mbio. Asiye na nauli apande na kushuka kilima cha nyuma ya Mikindani mpaka akichoke.

Malengelenge, michubuko, kucha nyeusi

Lengelenge la kilomita ya 60 lilianza kama joto dogo la kilomita ya 15 ambalo uliona aibu kusimama kwa ajili yake. Simama. Toa mchanga, kausha mguu, bandika plasta pana, badili soksi. Anayefanya mazoezi Msimbati ajue kuwa mchanga ule laini unapenya hata kitambaa cha raba, basi soksi za akiba ziwe mbili. Mapajani, kwapani na kwenye chuchu paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza, na paka tena kabla hapajawasha.

Kucha zikiwa nyeusi, raba ni fupi: miguu huvimba kwa saa nyingi, acha nafasi ya kidole gumba mbele. Raba za mtumba zinafaa, ila usidanganywe na juu kusafishwa vizuri. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole. Ikiwa ngumu na ina mikunjo, sponji yake imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilala upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza alikwishaimaliza.

Mkojo umebadilika rangi

Njano iliyokolea: kunywa. Rangi ya waridi baada ya kukimbia sana, inayokwisha ndani ya siku mbili tatu: mara nyingi ni kuta za kibofu kitupu zilizokuwa zinasuguana. Ukiona damu siku ambazo hukukimbia, pima kichocho, hasa kama ulikulia karibu na mabwawa au mito. Rangi ya kola au chai ya rangi, pamoja na misuli kuvimba na kuuma vibaya: misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Fuatilia nyuma hapa pia. Wengi waliofikia hatua hiyo walimeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi, "kwa kinga". Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo za mtu anayekimbia saa kumi juani tayari zinabanwa. Usizimeze siku ya mbio. Kama maumivu hayavumiliki bila kidonge, una jeraha, na jeraha halikimbizwi kilomita 80.

Usingizi, au kichwa kinasema inatosha

Kila ultra ina saa mbovu, wakati unajiuliza nani alikutuma. Kabla ya kuamua kuacha, hesabu ulichokula katika saa mbili zilizopita. Mara nyingi ni kidogo sana, na huzuni ile ni sukari iliyoshuka. Kula, tembea dakika 15, ndipo uamue. Usiamue umekaa kwenye kiti.

Kwa usingizi wa usiku, kahawa chungu ya barazani na kashata ni mchanganyiko ulio bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei mbaya. Ihifadhi hadi robo ya mwisho. Anayeinywa tangu asubuhi anafika usiku haimsaidii tena.

Uchovu usioisha wakati wa mazoezi

Umeongeza kilomita, mwezi wa pili mwili mzito, usingizi wa mang'amung'amu, mapigo ya moyo ya alfajiri yamepanda kwa kama kumi kuliko kawaida. Mtu wa mjini ataambiwa amezidisha mazoezi, na huenda ni kweli. Huku kwetu usianzie hapo. Malaria bado ni kubwa Mtwara na Lindi, na mkimbiaji anayesema "ni uchovu tu" kwa siku nne anaichelewesha. Nenda ukapime, kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Ikiwa hakuna malaria, pima wingi wa damu. Minyoo na kichocho hupunguza damu polepole, na mwenye damu pungufu haoni kitu mpaka anapopanda kilima. Usikimbie ukiwa na homa, hata ndogo.

Vikitoka safi vyote, ndipo uhesabu kilomita na chakula. Wiki ya nne ikate kilomita kwa theluthi moja, na ongeza sahani ya jioni kabla ya kuongeza safari ya asubuhi.

Goko au unyayo unauma sehemu moja tu

Maumivu yaliyotapakaa kwenye goko lote, yaani mfupa wa mbele chini ya goti, hupungua ukipata joto na hutulia kwa siku kadhaa za kupumzika. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kila kilomita na kuamsha usiku, yachukulie kuwa ni ufa wa mfupa. Rudi nyuma wiki tatu hadi sita: kulikuwa na kilomita zilizoruka ghafla, au ulihamia kutoka njia ya mchanga kwenda lami. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza isionyeshe chochote, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kukimbia. Pumzisha mguu, na kama bado unauma, rudia picha baada ya wiki tatu.